Maisha ya hide, Mpiga Gitaa wa X Japan

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nami naongeza kuwa kuna waliocheza kwao wakachekwa kwanza, wakaitwa wendawazimu, kisha ndipo wakatunzwa. Mmoja wao ni marehemu Hideto Matsumoto wa Japani, ambaye wapenzi wa muziki wanamjua kwa jina la hide. Usilisome jina hilo kwa Kiingereza ukadhani ni habari za kujificha. Lisome kwa Kiswahili tu, hi-de, na utakuwa umelipatia, kwani silabi za Kijapani, kama zetu, hupenda kuishia kwa irabu. Katika kazi zake za peke yake jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo. Kwa hiyo walimu wetu wapendwa wakiona h ndogo humu, tafadhali wasinikate maksi!

Najua kuna wenzangu watakaouliza, kwani Mjapani mpiga roki anatafuta nini katika gazeti la chama cha Kiswahili? Jibu langu ni fupi. Chombo alichopiga sisi twakiita gitaa, nao Wajapani hukiita gitaa vilevile, na irabu ya mwisho wanaivuta kama sisi. Neno lilitoka ng'ambo likafika kwao na kwetu, kila mmoja akalishona upya kwa kipimo cha lugha yake, na nguo zikatoka sare. Zaidi ya hayo, mimi ni mmoja wa wale wanaojifunza gitaa hapa shuleni, na wengi wenu mmekwisha kunilalamikia kwa kelele zangu. Basi leo nawalipa kwa hadithi. Kilichonivuta kwa hide ni hiki: kila alipopata sifa kwa sauti fulani, aliiacha akaenda kutafuta nyingine, na katika kuhamahama kwake hakuwatupa wenzake. Watu wengi wanaweza moja kati ya hayo mawili. Yeye aliyaweza yote mawili, na ndiyo maana namwandika.

Hideto alizaliwa tarehe 13 Desemba 1964 mjini Yokosuka, mji wa bandari ulio kusini mwa Tokyo katika mkoa wa Kanagawa. Yokosuka ndipo penye kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani, nayo iko pale tangu Japani iliposhindwa katika Vita Vikuu vya Pili mwaka wa 1945. Wanamaji walikuja na meli zao, na pia wakaja na santuri zao na vilabu vyao vya muziki. Kwa hiyo roki haikuwa kitu cha kusikia kwa mbali katika mji ule. Ilikuwa barabarani. Hideto mwenyewe alikuwa mtoto mnene na mwenye haya, si mtu ambaye ungemtazama ukasema huyu siku moja atasimama mbele ya watu elfu hamsini.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, alisikiliza albamu ya kundi la Kiss la Marekani iitwayo Alive!. Kiss ni wale jamaa waliojipaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi na kutema moto jukwaani. Basi bwana, kijana akapagawa. Mwaka wa 1980 nyanya yake akamnunulia gitaa la umeme la Gibson. Halikuwa la kuchezea watoto. Lilikuwa gitaa halisi la Kimarekani ambalo hata watu wazima walilimezea mate. Nyanya huyo alikuwa na saluni ya kutengeneza nywele. Nawaomba mkumbuke mambo hayo mawili, gitaa na saluni, maana maisha yote ya hide yalisukwa kwa nyuzi hizo mbili.

Katika shule ya upili alijiunga na bendi ya shule, ile ya kupuliza, akapewa klarineti. Hakukaa sana. Aliiacha klarineti akarudi kwa gitaa lake, akawa anapiga katika kumbi ndogo za karibu na kambi ya Wamarekani. Mwaka wa 1981, akiwa bado mwanafunzi kama sisi, aliunda kundi lake lililokuja kuitwa Saver Tiger. Alipomaliza shule alikwenda kusomea ufundi wa nywele na urembo jijini Tokyo, akahitimu na kupata leseni ya kazi hiyo. Mchana mkasi, usiku gitaa. Wale wanaodhani kwamba mwanamuziki ni mtu aliyeshindwa na kazi nyingine wasikie hayo.

Saver Tiger lilisifika kidogo kidogo. Mwaka wa 1985 nyimbo zake ziliingizwa katika albamu ya mkusanyiko wa makundi chipukizi ya roki nzito, na humo humo kulikuwa na wimbo wa kundi jingine liitwalo X. Hilo X lilianzishwa mwaka wa 1982 na vijana wawili waliokua pamoja tangu utotoni katika mji wa Tateyama, mkoa wa Chiba. Mmoja ni Yoshiki, mpiga ngoma ambaye pia ni fundi wa piano, na wa pili ni Toshi, mwimbaji mwenye sauti ya juu inayopenya kama sindano. Mwaka wa 1986 Yoshiki alianzisha kampuni yake ya kurekodi, Extasy Records, kwa kuwa hakutaka kungoja kampuni kubwa zimhurumie.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1987 Saver Tiger lilivunjika. Wachezaji walikuwa wamekuja na kuondoka, na hide alichoka. Aliazimia kutundika gitaa na kuwa mtengeneza nywele moja kwa moja. Hapo ndipo Yoshiki alipomwita ajiunge na X. Fikirieni, ndugu zangu: kiongozi wa kundi, aliyezoea kuamua kila kitu, anaitwa kuwa mchezaji katika kundi la mwenzake. Wengi wetu tungekataa kwa kiburi. Yeye alikubali. Wakawa watano: Yoshiki, Toshi, hide kwenye gitaa la kuongoza, Pata kwenye gitaa la pili, na Taiji kwenye gitaa la besi.

Sauti ya X ya wakati ule ilikuwa ya mbio. Yoshiki alikuwa na ngoma mbili kubwa za miguu, akizikanyaga kwa zamu mpaka huwezi kuhesabu. Juu ya mbio hizo, hide na Pata walipiga magitaa mawili yakifuatana kwa sauti ya kwanza na ya pili, mithili ya ndugu wawili wanaoimba pamoja kanisani, ila kanisa lenyewe linawaka moto. Na sura zao je? Nywele zilisimama wima kama miiba ya nungunungu, nyuso zimepakwa rangi, nguo za ngozi na za hariri. Hapo ndipo uzi wa saluni ulipoonekana. Mpiga gitaa mwenye leseni ya kutengeneza nywele alijua anachokifanya, na nywele zake mwenyewe zilikuwa mara nyekundu, mara rangi ya waridi.

Walichekwa sana. Walitokea hata katika vipindi vya vichekesho vya televisheni, na wapenzi wa roki nzito wakawaona wameivunjia heshima roki. Lakini tarehe 14 Aprili 1988 walitoa albamu yao ya kwanza, Vanishing Vision, kwa kampuni ile ile ya Yoshiki, na wacheka wakaanza kununua. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya CBS/Sony ikawachukua, na tarehe 21 Aprili 1989 ikatoka albamu ya Blue Blood.

Katika Blue Blood ndipo sauti ilipoanza kugeuka. Mbio zilibaki, lakini sasa pakawa na piano, na vinanda vya nyuzi vya okestra, na nyimbo za polepole za kuliza watu. Wimbo wao maarufu wa Kurenai huanza taratibu, gitaa peke yake likidondosha nota moja moja kama matone ya mvua kwenye bati, kisha ghafla ngoma zinaingia na kila kitu kinapaa. Mimi nimejaribu kuzipiga zile nota za mwanzo. Ukisikiliza utadhani ni rahisi. Jaribu uone! Kwenye jalada la Blue Blood waliandika kaulimbiu ya Kiingereza kuhusu kushtua watu kwa sura, na kutokana na kaulimbiu hiyo ukazaliwa mtindo mzima wa roki ya Kijapani uitwao visual kei, yaani roki ya kutazamwa na pia kusikilizwa.

Katika X mtunzi mkuu alikuwa Yoshiki. Hata hivyo hide alipata nafasi ya kuweka nyimbo zake chache, nazo zilikuwa na ladha ya mpishi mwingine. Pale Yoshiki alipotunga majonzi na fahari, hide alitunga utundu. Sikiliza Celebration katika Blue Blood, au Joker katika albamu iliyofuata, Jealousy: ni roki ya kuchezeka na yenye kicheko ndani yake. Humo humo katika Jealousy kuna Love Replica, ambayo haina uimbaji, ila kuna sauti inayozungumza Kifaransa juu ya muziki wa ajabu kama wa ndotoni. Jealousy ilirekodiwa Los Angeles, ikatoka tarehe 1 Julai 1991, ikashika nafasi ya kwanza nchini Japani na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Waliochekwa sasa walikuwa wafalme.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1992 walijaza uwanja wa Tokyo Dome usiku tatu mfululizo. Baada ya hapo Taiji akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Heath. Mwezi wa Agosti mwaka huo walikwenda New York kutangaza kwamba wanaingia soko la dunia. Kwa kuwa Marekani tayari kulikuwa na kundi jingine liitwalo X, wakabadilisha jina wakawa X Japan. Mwaka wa 1993 wakatoa Art of Life, wimbo mmoja tu wa dakika 29, ukiwa na okestra ya Royal Philharmonic ya Uingereza na kipande kirefu cha piano ambacho kinaanza kwa upole na kuishia kama mtu anayegombana na nafsi yake. Wimbo mmoja, albamu nzima! Nao pia ukashika nafasi ya kwanza.

Sasa tumefika penye utamu wa habari yenyewe. Kundi lilikuwa limefika kileleni, lakini lilikuwa limepunguza mwendo. Yoshiki alitaka kila nota iwe kamili, na kurekodi kukachukua miaka. Nyimbo zikazidi kuwa za piano na vinanda. Mpiga gitaa wa kuongoza afanye nini katika kundi ambalo piano imekuwa bwana? Njia zilizozoeleka ni mbili: kugombana na kuondoka, au kunyamaza na kula mshahara. hide aliona njia ya tatu. Alibaki katika X kwa moyo wote, na pembeni akajifungulia karakana yake.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1993 alitoa nyimbo mbili kwa siku moja, Eyes Love You na 50% & 50%, na mwezi wa Februari mwaka wa 1994 ikatoka albamu yake ya kwanza, Hide Your Face. Aliimba mwenyewe. Sauti yake haikuwa ya Toshi, wala hakujaribu kumwiga Toshi. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida, yenye mikwaruzo kidogo na utani mwingi, nayo ilimfaa. Msaidizi wake mkubwa alikuwa I.N.A., fundi wa kompyuta za muziki. Wawili hao walichukua sauti za gitaa na ngoma, wakazikatakata vipande, wakavirudiarudia, wakavipotosha mpaka gitaa likalia kama mashine ya kiwandani na mashine ikacheka kama mtoto. Katikati ya vurugu hiyo hide angetupia kiitikio kitamu ambacho ukikisikia mara moja unashinda nacho siku nzima. Albamu ya pili, Psyence, ilitoka mwezi wa Septemba mwaka wa 1996 ikashika nafasi ya kwanza.

Karakana yake hakuifungia wengine nje. Mwaka wa 1996 alianzisha kampuni ndogo iitwayo Lemoned ili makundi machanga aliyoyapenda yapate pa kusikika. Hata kabla ya hapo alikuwa amewashika mkono vijana wa kundi la Luna Sea wakafika Extasy Records, na albamu yao ya kwanza ikatoka huko mwaka wa 1991. Likumbukeni jina la Luna Sea, tutarudi kwao.

Kuna jambo jingine lisilo la muziki ambalo sipendi kulipita. Mwishoni mwa mwaka wa 1995 hide alikutana na msichana mmoja shabiki wake aliyekuwa na ugonjwa adimu wa kurithi. Baadhi ya magonjwa ya aina hiyo hutibiwa kwa kumpandikiza mgonjwa uboho wa mifupa wa mtu mwingine unaolingana na wake, na kumpata mtu wa kulingana naye ni kama kutafuta sindano mchangani, hivyo kila anayejiandikisha kutoa uboho anaongeza tumaini. hide akajiandikisha. Kwa kuwa alikuwa mashuhuri, habari zikaenea, na vijana waliomwiga nywele wakapata jambo la maana zaidi la kumwiga.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1996, miaka mitano baada ya Jealousy, X Japan walitoa albamu ya Dahlia. Nyimbo nyingi zilikuwa zimekwisha kutolewa moja moja, lakini ukiisikiliza yote kwa pamoja unasikia barabara mbili. Barabara ya Yoshiki ni ya nyimbo kama Forever Love, piano na machozi. Barabara ya hide ni Scars, na Drain ambayo alishirikiana na Toshi: nzito, kavu, yenye milio ya mashine kutoka karakana yake. Ni ajabu kwamba zote mbili zilikaa katika albamu moja bila kupigana. Nafikiri ni kwa sababu aliyeleta sauti mpya hakuja kuwanyang'anya wengine kiti. Alileta mkeka wake akautandika kando yao.

Lakini lisilo na mwisho lina walakini. Mwaka wa 1997 Toshi aliamua kujiondoa. Tarehe 22 Septemba wakatangaza kwamba kundi linavunjika, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1997 wakapiga kwa mara ya mwisho Tokyo Dome. Nimetazama picha za usiku huo. Watu wazima wanalia jukwaani na chini ya jukwaa.

Usidhani hide alikaa kitako kuomboleza. Tarehe 28 Januari 1998, hata mwezi haujapita vizuri, alitoa Rocket Dive akiwa na kundi lake jipya, hide with Spread Beaver. Ni wimbo wa haraka, wa furaha, wa mtu anayeruka angani bila kuuliza atatua wapi. Wakati huo huo alikuwa na kundi jingine, zilch, pamoja na wanamuziki wa Uingereza na Marekani, wakiimba kwa Kiingereza sauti za vyuma zilizo kali kuliko chochote alichowahi kufanya. Sauti mbili kwa mpigo, moja nyepesi kama tiara na nyingine nzito kama treni, na mtu ni mmoja.

Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1998, baada ya usiku wa ulevi, hide alifariki nyumbani kwake Tokyo. Alikuwa na umri wa miaka 33. Polisi walisema alijitoa uhai. Wenzake wa karibu, Yoshiki akiwa mmoja wao, hawakukubali, wakaamini kuwa ilikuwa ajali. Mimi sikuwako, na sina ushahidi wa kuamua kati yao. Ninachojua ni kwamba alikuwa na albamu aliyoifikisha nusu na nyimbo mbili zilizokuwa zikingoja kutoka mwezi ule ule.

Mazishi yalifanyika tarehe 7 Mei katika hekalu la Tsukiji Hongan-ji, Tokyo. Watu wapatao 50,000 walifika, wengi wao vijana wa rika letu. Na hapa, wenzangu, nataka tusimame kidogo. Baadhi ya mashabiki walishindwa kuvumilia, wakajitoa uhai ili wamfuate. Yoshiki na wenziwe, wakiwa katika msiba wao wenyewe, ilibidi wajitokeze kuwasihi vijana wasifanye hivyo. Jambo hili limeniumiza kuliko mengine yote niliyosoma juu yake. Mtu aliyejiandikisha kutoa uboho wake ili mgonjwa apate kuishi, leo mtoto wa watu anakufa kwa jina lake! Kumpenda msanii hakudai roho ya mtu. Na kama miongoni mwetu hapa shuleni yuko anayeona dunia imemlemea, asijifungie nalo peke yake. Amwendee mwalimu, mzazi au rafiki anayemwamini, amwambie waziwazi. Kuomba msaada si aibu hata kidogo.

Turudi kwa marafiki zake, maana wao walionyesha namna nyingine ya kumfuata. Nyimbo zilizokuwa zikingoja zilitoka kama alivyopanga: Pink Spider tarehe 13 Mei, na Ever Free tarehe 27 Mei. Pink Spider ilishika nafasi ya kwanza na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwezi wa Julai ikatoka albamu ya zilch. I.N.A. na wenziwe wakaingia studio na vipande alivyoviacha, wakaviunganisha, na tarehe 21 Novemba 1998 ikatoka albamu ya Ja, Zoo. Pia wakafunga safari ya maonyesho waliyokuwa wamepanga kufanya naye, wao wakipiga vyombo na sauti yake iliyorekodiwa ikiimba. Kazi ya kumalizia kazi ya marehemu ni ngumu. Ukizidisha, umeigeuza yako. Ukipunguza, umeiacha pengo. Ukisikiliza Ja, Zoo leo hutajua kwa urahisi mkono wa hide uliishia wapi.

Huko Yokosuka lilifunguliwa jumba la kumbukumbu yake mwaka wa 2000, likafungwa mwaka wa 2005. Yeye mwenyewe amelala katika makaburi ya Miura, mkoa ule ule aliozaliwa. Nao X Japan? Tarehe 28 Machi 2008, karibu miaka kumi baada ya kifo chake, walikutana tena Tokyo Dome, na picha yake ya mwanga ikatokea jukwaani ikipiga gitaa pamoja nao. Mwaka uliofuata gitaa la hide lilipata mrithi rasmi, naye ni Sugizo wa Luna Sea. Mnawakumbuka? Ndio wale vijana aliowashika mkono walipokuwa hawajulikani. Wema hauozi. Kundi likapiga Madison Square Garden mjini New York mwaka wa 2014 na Wembley mjini London mwaka wa 2017, ndoto ile ile waliyoitangaza mwaka wa 1992. Taiji alifariki mwaka wa 2011 na Heath mwaka wa 2023.

Nimemsikiliza hide kuanzia Vanishing Vision mpaka Ja, Zoo, albamu kwa albamu, na kila nikifika ya pili najiuliza kama ni mpiga gitaa yule yule. Ni yule yule. Kijana mwenye haya wa Yokosuka alikuwa mwanafunzi mpaka mwisho, akijifunza leo kwa mkasi, kesho kwa gitaa, keshokutwa kwa kompyuta. Sisi wenyewe hapa shuleni huogopa kubadilika. Mwenzetu akiacha kandanda akaingia tamthilia, twasema ametusaliti. Msichana akipenda fizikia, twamtazama kama mgeni. Na yule anayebadilika naye mara nyingi huwadharau aliowaacha. hide anatuonyesha kwamba mtu anaweza kwenda mbali sana na bado wenzake wakamwona ni wao.

Mwenye kutaka kuanza kumsikiliza, nampendekezea Kurenai, kisha Joker, kisha Scars, kisha Pink Spider, kwa mpangilio huo. Ni nyimbo nne tu, hazimalizi nusu saa. Asikilize gitaa, hata kama maneno hayaelewi. Mungu amlaze hide mahali pema, nami naiweka kalamu yangu chini hapa. Gitaa siliweki, kwa hiyo majirani zangu wavumilie.